Dai la Attracta juu ya Akodiani

Watu wa Kilbreeda ni wepesi wa kusamehe, tuwape haki yao. Ukilewa ukaanguka kwenye mtaro wa kanisa, watakuinua, watakufikisha kwako, na kesho yake watakuuliza hali ya goti bila kuutaja mtaro. Ukiazima trekta ya mtu ukairudisha haina taa, atanuna wiki mbili, ya tatu mtakuwa baa moja mnacheka. Lakini kumshtaki jirani mahakamani? Thubutu! Mara ya mwisho jambo hilo kufanyika ulikuwa ugomvi wa ukuta wa mawe baina ya ndugu wawili, na mpaka leo wajukuu wao hawakai benchi moja kanisani.

Basi fikiria ilivyokuwa, mwezi wa pili wa mwaka tisini na sita, Attracta Mulvihill alipovaa koti lake la Jumapili siku ya Jumanne na kusimama njia panda kusubiri basi la mjini. Mjane wa miaka sitini na mitatu, ambaye hata mbwa wa watu hajawahi kumfokea. Anakwenda kumshtaki nani? Fintan Garrahy, fundi wa akodiani. Fintan yule yule aliyempigia marehemu mumewe kaburini, mvua ikimchuruzika shingoni, na asipokee hata kikombe cha chai.

Wifi yake Philo, dada wa marehemu, alimfuata pale kituoni. Philo habari huzipata kabla mwenyewe hajazipata.

"Wifi, geuza urudi."

"Basi linakuja, Philo."

"Litakuja jingine. Geuza, nakwambia! Uso wangu nitauweka wapi mimi? Mtu kaichukua akodiani ya kaka yangu, kaitengeneza ikawa nzuri kuliko ilivyokuwa, wewe unakwenda kumshtaki. Kweli asante ya punda ni mateke."

"Amemtoa Batt mle ndani."

"Batt yuko makaburini. Mwaka wa pili huu ndio tumeuanza."

Basi lilifika, akapanda, akakaa upande ambao dirisha halikumwonyesha wifi yake.

Sasa, usije ukamwona mwanamke huyu ana wazimu, itabidi uijue hiyo akodiani.

Batt aliinunua London ujanani, alipokuwa akichimba barabara za watu kule. Ilikuwa nyeusi, ya vitufe, imebanduka rangi pale kidevu chake kilipozoea kulala. Katika akodiani ya namna ile kila sauti hutolewa na vilimi viwili vya chuma. Mafundi wa zamani walikuwa wakiviacha vipishane kidogo, unywele tu, ndipo sauti ikatoka imejaa na inatetemeka, sauti ya mtu anayeimba huku machozi yanamlenga. Mtindo huo ulikuwa umeshapitwa na wakati. Vijana wa miaka ile walitaka vilimi vilingane sawasawa, sauti iwe kavu, ikate. Walimcheka Batt mbele za watu baa nzima ikisikia. Naye akawajibu kwamba yeye si muuza nyama, hana haja ya kitu cha kukata.

Alikuwa dereva wa lori la maziwa mpaka mgongo ulipomshinda. Tangu hapo kukamua ng'ombe wao watatu kukawa kazi ya Attracta peke yake, na aliifanya kila jioni bila kinyongo, kwa sababu Batt alikaa jikoni, upande wa pili wa ukuta wa zizi, akimpigia.

"Ng'ombe hushusha maziwa wakisikia muziki," Batt alikuwa akisema.

"Hushusha wakikamuliwa," Attracta alimjibu.

Akimaliza, aligonga ukuta mara mbili kwa kigoda. Batt alimalizia wimbo, akainuka na mgongo wake, akaweka birika motoni. Attracta akiingia na ndoo alikuta birika limeshaanza kuimba. Wakaenda hivyo miaka ishirini na miwili. Maneno ya mapenzi hawakuambiana, watu wa kule hawana mdomo huo. Lakini katika nyumba ile hakuna aliyekuwa na shaka nani anapendwa.

Batt akafa mwezi wa kwanza wa mwaka tisini na tano, usingizini, bila kumsumbua mtu. Attracta aliuza ng'ombe wawili akabaki na mmoja, mzee, ambaye mnunuzi alimtazama mara moja akasema ahsante, hapana. Akodiani ikaingia kwenye sanduku lake chini ya ngazi. Hakuigusa miezi kumi na mmoja, ila alijua ilipo, na alijua siku itakapotoka: siku ya misa ya mwaka, watu watakaporudi nyumbani kula mkate na nyama baridi, mtu ataipiga, na yeye atamsikia Batt. Mwanamke alikuwa na siku moja tu kwenye kalenda yake, nayo ilikuwa ile. Alipolifungua sanduku mwezi wa kumi na mbili, panya walikuwa wameitafuna mivukuto yake, ile mikunjo ya kuvutia hewa, na kitufe kimoja kimekwama. Akaibeba kwa Fintan.

"Ziba mivukuto, kifungue kitufe," alimwambia. "Basi."

Fintan akaandika kwenye risiti: mivukuto, kuziba, kitufe kimoja, kufungua. Akalipwa pauni arobaini zake.

Kumbe Fintan naye alikuwa na lake moyoni. Batt ndiye aliyemfundisha kupiga, tangu ana miaka saba. Akaona mwaka hautapita bila kumtendea mzee hisani. Akafunga karakana siku tisa, akavitoa vilimi vyote, akaanza kuvilinganisha kimoja kimoja kwa tupa na kipimo cha umeme, mpaka akodiani ya London ikawa na sauti safi, kavu, ya kisasa, kama zile za mashindanoni. Hakudai hata senti. Kosa la namna hii hulifanya mtu anayekupenda tu, adui yako hana muda huo.

Siku ya misa ikafika. Jikoni kwa Attracta pamejaa watu, Fintan akaiweka magotini, akapiga. Watu wakapiga meza. "Ala! Sikia hiyo!" Philo akalia machozi ya raha. Attracta alikuwa amesimama na sinia la mkate mkononi. Alisikia mgeni. Alingoja kidogo, akidhani labda masikio yake ndiyo yamejaa kelele za watu, akangoja wimbo wa pili, akangoja wa tatu. Mgeni bado amekaa kwenye kiti cha mumewe, anapiga upesi na kwa ufundi mkubwa, wala hamjui.

Baada ya wiki alikwenda karakana.

"Irudishe ilivyokuwa, Fintan."

Fintan akacheka. Hakucheka kwa ubaya, lakini alicheka. "Mama, maji yakimwagika hayazoleki. Chuma kikishapigwa tupa hakikui tena. Na hata ningetaka, sikuandika vipimo vya zamani, maana nilijua imeharibika tu. Batt mwenyewe angenishukuru."

Laiti asingecheka, pengine mambo yangeishia pale. Attracta alitoka na kicheko kile masikioni, akapita posta kununua stempu, na pale ukutani akaona karatasi: umetendewa kazi mbovu, bei haizidi kiasi fulani, njoo ofisi ya mahakama ya wilaya, dirisha la madai madogo, huhitaji wakili. Akaisoma mara mbili. Akasahau stempu.

Msajili wa madai madogo aliitwa Dympna Sugrue, mwanamke mpana mwenye miwani mbili, moja puani, nyingine imesahaulika kichwani. Utaratibu wenyewe ulikuwa bado mpya. Mpaka siku hiyo mezani kwake palikuwa pamepita zulia lililosinyaa, viatu vilivyoachama midomo na suti iliyochomwa na pasi ya dobi. Alimpa Attracta fomu na kalamu. Attracta akaandika jina, anwani, jina la mlalamikiwa, akafika mahali akasimama.

"Hapa pameandikwa kiasi kinachodaiwa."

"Ndiyo. Andika unadai kiasi gani."

"Sidai kiasi. Nadai sauti."

Dympna akaivua miwani ya puani, akaishusha ya kichwani. "Bi. Mulvihill, mahakama haina ghala la sauti. Hapo panataka pauni."

"Na nisipoandika?"

"Fomu haitapokelewa."

Attracta akaandika arobaini. Halafu chini, kwenye nafasi ya maelezo, akaandika kwa herufi kubwa, maana hakuamini kwamba watu wa serikali husoma herufi ndogo: NILITAKA IZIBWE. SIKUTAKA IBADILISHWE. ILIKUWA NA SAUTI YA MUME WANGU. Akalipa ada ndogo ya dirishani, akarudi na basi la saa nane.

Barua ya mahakama ilimkuta Fintan mezani anakula viazi. Alipewa siku kumi na tano za kujibu, akajibu siku hiyo hiyo, kwa wino mwekundu, kwamba anakataa dai lote. Jioni yake kijiji kizima kilijua. Baa ilikuwa na zamu ya muziki kila Ijumaa, Fintan akaacha kwenda, na watu wakamhesabia Attracta ukimya huo. Jumapili kanisani benchi lake likawa na nafasi pande zote mbili. Kwenye duka la mikate mazungumzo yalikatika akiingia. Hakuna aliyemtukana. Walimsalimia kwa adabu kubwa, na watu wa Kilbreeda wakikuonyesha adabu kubwa ujue umekwisha.

Philo tu ndiye aliyeendelea kumwendea, kwa sababu ulimi wake haukujua kugoma.

"Sikio la kufa halisikii dawa," alimwambia. "Hivi hiyo sauti unayoililia wewe unaikumbuka kweli? Akodiani ni akodiani!"

"Naikumbuka."

"Ilikuwaje? Haya, iimbe."

Attracta akafungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Akageuka akaanza kusugua sufuria ambayo ilikuwa safi, na moyoni hofu ikamwingia, kwa sababu alikuwa ameitafuta ile sauti pale inapokaa siku zote na hakuikuta.

Msajili aliwaita wote wawili kabla ya tarehe ya hakimu, maana ndiyo kazi yake, kuwasuluhisha wanaosuluhishika. Chumba kilikuwa kidogo, kina hita moja na viti vitatu. Fintan alikuja na tai. Akodiani ilikuwa juu ya meza, ndani ya sanduku lake.

"Fundi," Dympna alianza, "risiti hii ni mwandiko wako?"

"Ni wangu."

"Nisomee."

"Mivukuto, kuziba. Kitufe kimoja, kufungua."

"Na kulinganisha sauti kumeandikwa wapi?"

"Kuandikwa wapi? Ile nilimpa bure!" Fintan akasimama. "Siku tisa, Bi. Sugrue. Tisa! Wateja nawarudisha mlangoni. Mtu aliyenifundisha kushika akodiani, nimlipe nini tena na keshakufa? Nikasema nitampa sauti ambayo hakuwahi kuwa nayo. Leo naitwa mahakamani kama mwizi wa kuku."

"Kaa, fundi. Hakuna aliyesema mwizi. Lakini nikikuletea koti ushone kifungo, ukanikatia na mikono, hata ukinikatia bure, mikono yangu imekwenda."

"Koti lenyewe lilikuwa baya!"

"Lilikuwa lake," alisema Attracta. Ndilo neno lake la kwanza tangu aingie.

Hita ikalia kidogo. Dympna akamgeukia. "Nitakwambia ukweli, Bi. Mulvihill. Ukienda kwa hakimu tarehe kumi na nane, naona utashinda. Atakupa arobaini zako. Hakimu hana kingine mfukoni. Unazitaka?"

"Sizitaki."

"Basi unataka nini? Usiniambie cha kwenye fomu. Niambie mimi."

Attracta alilitazama sanduku. Alikuwa hajawahi kusema mambo haya hata kwa padri.

"Nyumba imenyamaza," alisema. "Mchana navumilia. Ikifika saa kumi na moja jioni ndiyo siwezi. Nilijiambia, ngoja misa ya mwaka, utamsikia. Nikangoja. Kila siku nilipoona vigumu nilijiambia, ngoja misa ya mwaka. Kisha nikaja nikasikia mtu mwingine." Akamtazama Fintan. "Ulipiga vizuri sana. Sina ugomvi na kupiga kwako. Namtamani mume wangu, Fintan. Namtamani mpaka mwili unauma, na hicho ndicho kitu pekee kilichobaki chenye sauti yake, na wewe ulicheka."

Fintan akakaa. Akaivuta tai yake kwa kidole kimoja. Dympna, Mungu ambariki, akamwacha.

"Sikujua nilicheka," alisema hatimaye.

"Ulicheka."

"Nisamehe, mama. Lakini sikudanganyi, sina vipimo. Naweza kuvipishanisha vilimi tena, ndiyo. Vipishane kiasi gani? Unywele, nusu unywele? Kila kimoja kilikuwa na chake. Nani atanipimia?"

"Masikio yake," alisema Dympna, na alikuwa ameshachukua karatasi.

Waliandika hivi: fundi atakwenda nyumbani kwa mdai na kuirudishia akodiani sauti yake ya awali, mdai mwenyewe akiwa msikilizaji, mpaka aseme ndiyo. Fintan akadai kikomo, asije akawekwa kwenye kiti kile mpaka Pasaka ya mwaka ujao. Wakakubaliana iwe mara tatu. Mara tatu zikipita bila ndiyo, dai litakwenda kwa hakimu, na hakimu atatoa pauni.

"Nikiridhika?" Attracta aliuliza.

"Utatia sahihi hapa chini, na dai limekwisha."

Mara ya kwanza Fintan alikuja asubuhi, akatandaza gazeti mezani, akavipanga vilimi juu yake kwa safu. Akawa anakwangua, anapuliza, anakirudisha, anabonyeza.

"Hivi?"

"Hapana."

"Hivi?"

"Imezidi."

"Hivi je?"

Attracta alikaa amefumba macho, mikono mapajani, akisikiliza kwa nguvu zake zote. Philo alikuwa amefika, eti kuazima sukari.

"Hakuna hata mkanda mmoja aliorekodiwa Batt?" Fintan aliuliza. "Ningekuwa na mkanda, kazi ingekwisha leo."

"Ulikuwepo mmoja," alisema Attracta.

Philo akakumbuka ghafla kwamba ameacha mkate kwenye oveni. Mkanda ule alikuwa ameurekodia mechi ya fainali ya mkoa juu yake, na timu yetu ilifungwa vilevile. Alisahau hata sukari.

Mara ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Ile mara ya kwanza Attracta alikuwa na uhakika wa anachokikataa. Sasa kila sauti ilifanana na nyingine. Alisema "karibu," Fintan akaendelea, akasema tena "nilikosea, rudi nyuma," na kurudi nyuma katika kazi ile ni kuzidi kula chuma. Alipoondoka, Attracta alikaa pale pale mpaka moto ukazimika. Usiku ule hakumlilia Batt. Alijililia mwenyewe, kwamba mtu unaweza kuishi na kitu miaka ishirini na miwili kisha kikakutoka kichwani usijue kimetokea mlango gani.

Katikati ya hapo yule ng'ombe mzee akawashangaza watu wote akazaa. Ndama jike, mwekundu, mwenye masikio makubwa kuliko akili. Attracta, ambaye tangu vuli hakuwa na wa kukamua, akakishusha kigoda.

Mara ya tatu ilikuwa mwezi wa nne. Fintan alichelewa, alikuwa akipiga kwenye maziko parokia ya jirani, akafika saa kumi jioni na matope mpaka magotini. Hakutandaza gazeti mara moja.

"Mama, leo ndiyo mwisho, na sisemi kwa ajili ya karatasi ya Bi. Sugrue. Vilimi vimekuwa vyembamba. Vitastahimili tupa ya leo. Nikivigusa tena baada ya hapo vitakatika, na vya namna hii havitengenezwi tena. Ukisema ndiyo au ukisema hapana, ndiyo itakavyobaki."

"Nimekuelewa. Fanya."

Akafanya. Saa nzima. Akabonyeza, akauliza, akakwangua kidogo kuliko kidogo. Mwisho akapiga wimbo mzima, ule waltzi wa dansi ya polepole ambao Batt alimfundisha, akauacha, akamtazama.

Attracta alitikisa kichwa. "Sijui," alisema. "Sijui, Fintan. Mungu anisamehe, sijui tena."

Nje ng'ombe akalia, akalia tena, kiwele kinamuuma. Attracta akapangusa uso kwa aproni.

"Ngoja nimkamue huyu maskini, halafu nikutilie sahihi. Umejitahidi. Si kosa lako sasa, ni langu."

Akachukua ndoo akatoka.

Zizini palikuwa na joto na giza kidogo. Akakaa kwenye kigoda, akaegemeza paji la uso ubavuni mwa ng'ombe, akaanza. Maziwa yakagonga ndoo. Jikoni Fintan, ambaye mikono yake haijui kutulia, akaanza tena waltzi ule, pole pole, kwa kujipigia tu.

Mikono ya Attracta ikasimama.

Jamani! Miaka ishirini na miwili, ni lini aliwahi kuketi karibu na mumewe akamsikiliza akipiga? Batt alipiga wakati wa kukamua. Attracta aliisikia akodiani ile kupitia ukuta wa mawe, kichwa ubavuni mwa ng'ombe, na maziwa yakigonga ndoo. Walikuwa wamemweka kwenye kiti cha wageni na kumwomba aikumbuke kutoka mahali ambapo hakuwahi kuwa. Sasa sauti ilipita ukutani, zile nzito zikamfikia tumboni, zikamwambia habari za jioni, Attracta. Zile nzito zilikuwa sawa. Zilikuwa ndizo! Zile nyembamba ndizo zilizokuwa bado.

"Fintan!" Alipiga kelele mpaka ng'ombe akaruka. "Za juu! Za juu bado kavu!"

Muziki ukakatika. "Nini?"

"Zile za juu! Zipishanishe!"

"Kiasi gani?"

"Fanya, nitakwambia!"

Mkwaruzo wa tupa hausikiki kupitia mawe, ikabidi angoje. Akaendelea kukamua, pole pole, asiishiwe. Sauti moja ikaja.

"Bado! Kidogo!"

Ikaja tena. "Hiyo! Iache hiyo! Ya pili yake!"

Wakaenda hivyo, moja baada ya moja, fundi jikoni na mama zizini, wakipigiana kelele kama watu wa ng'ambo mbili za mto, na mpita njia angedhani kuna ugomvi. Sauti ya mwisho kabisa ya juu alimrudisha mara tatu, na kila mara aliogopa asije akasikia chuma kinakatika. Halafu Fintan akaanza waltzi tangu mwanzo.

Attracta hakupiga kelele. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Sauti ilijaa, ikatetemeka, ikapita ukutani ikamkuta pale inapomkuta siku zote. Mikono yake ikaenda yenyewe. Alikuwa akifikiria ndama, kwamba lazima atengwe usiku huu, na kwamba kuna nafasi pale kwenye kibanda cha lori kama Batt atakiondoa kile kitanda cha zamani, na kwamba atamwambia akiingia ndani. Maziwa ya chuchu za mwisho yakaisha. Akasimama, akainua kigoda, akagonga ukuta mara mbili.

Muziki ukamalizia mzunguko wake, ukanyamaza.

Akachukua ndoo, akavuka uwanja kwa haraka, neno la ndama likiwa ulimini, akasukuma mlango kwa bega.

Fintan Garrahy alikuwa amekaa kwenye kiti, akodiani magotini, jasho usoni, anamtazama. Birika lilikuwa pembeni ya jiko, limepoa.

Attracta aliiweka ndoo chini. Ilimchukua muda kuiachia. Fintan aliona uso wake, akaiweka akodiani juu ya meza taratibu, naye akasimama.

"Siyo?" aliuliza.

"Ndiyo yenyewe," alisema Attracta, na machozi yakawa yanamtoka tu, hayafuti. "Ndiyo yenyewe, mwanangu. Kalamu iko wapi?"

Akatia sahihi kwenye karatasi ya Dympna Sugrue, mikono ikinuka maziwa. Fintan akaikunja akaiweka mfukoni, akaokota kofia, akaishika, akashindwa kuivaa.

"Mama, mbona uligonga? Tangu pale ulikuwa unapiga kelele. Niliposikia ukuta nikadhani nimeharibu."

"Nilikuwa nimemaliza kukamua," Attracta alisema, akachukua birika akaenda kulijaza maji.